Nani Alimlisha Mwanafunzi wa Uvira?

Mitumbwi iliyokesha ziwani na taa zake hurudi Kalundu, bandari ya Uvira, mashariki mwa Kongo, alfajiri ikiwa na ndagala. Jua likipanda, samaki hao wadogo huanikwa mchangani, kisha husafirishwa hadi Bukavu na mbali zaidi. Njia yao hupitia sokoni, si shuleni. Tangu shule za kwanza zifunguliwe ukanda huu wa kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, chakula cha mwanafunzi kimekuwa kikija na mgeni na kuondoka naye.

Wapentekoste wa Sweden walifika Uvira mwaka 1921. Serikali ya Wabelgiji iliwaachia wamisionari kazi ya kufundisha, na pamoja nayo suala la chakula. Aliyelala internati alipata bugali na maharagi, mara nyingi kutoka shamba alilolilima kwa mikono yake. Aliyeshinda shule na kurudi kwao alitegemea chungu cha mama.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wataalamu walianza kuchunguza miili ya watoto wa Kiafrika. John Brock na Marcel Autret walizunguka nchi kadhaa, Kongo ikiwemo, na ripoti yao juu ya kwashiakoo, ugonjwa wa kukosa protini, ikatoka mwaka 1952. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, nayo UNICEF ikayasambaza. Yaliishia zaidi zahanatini, kwa wadogo walioachishwa kunyonya. Kaka zao waliokwisha kuanza shule hawakuwa walengwa.

Ajabu ni kwamba miaka hiyohiyo protini ilikuwa ikivuliwa kwa tani hapo mbele. Wavuvi wa Kigiriki walileta nyavu kubwa za kuzungushia, na taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947 na kuwa na makao yake Lwiro, ilifungua kituo Uvira cha kuchunguza ziwa. Maziwa yalivuka bahari. Ndagala hakuvuka barabara.

Uhuru haukubadili mpangilio huo. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji. Rais Mobutu alizitaifisha shule za makanisa mwaka 1974, akazirudisha kwa mkataba mwaka 1977, na kufikia miaka ya 1990 hazina ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa tupu. Wazazi ndio waliobeba mshahara wa mwalimu kupitia kile kilichoitwa primu. Fedha ambayo ingenunua unga ilikwenda kulipa kiti darasani.

Vita vya 1996 vilianzia karibu na hapa, na Uvira ilianguka Oktoba mwaka huo. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichoajiri watu wengi wa bonde la Ruzizi, kilisimama. Familia nyingi zilivukia Tanzania, na kuanzia mwaka 2005 meli zikaanza kuzirudisha kutoka Kigoma hadi Baraka. Ndipo mashariki ya Kongo ilipozoea jina PAM, Shirika la Chakula Duniani, lililoanza kulisha shule huko Togo mwaka 1963. Kantini zake zilipika unga wa mahindi, maharagi na mafuta. Ziliwekwa palipokuwa na waliokimbia au waliorudi; wafadhili walipopunguza fedha, masufuria yalikaa bila moto.

Septemba 2019 serikali ya Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza ibara ya 43 ya katiba ya 2006: shule ya msingi ya umma bila malipo. Madarasa yakafurika. Ada iliondoka, njaa ya saa nne ikabaki.

Je, sahani ingesaidia masomo? Jibu la karibu liko Kenya. Katika shule za awali za Busia na Teso, watafiti Christel Vermeersch na Michael Kremer waliona uji wa asubuhi ukiongeza mahudhurio kwa karibu asilimia 30. Alama za mitihani, hata hivyo, zilipanda pale tu mwalimu alipokuwa amefunzwa vizuri, na muda wa kugawa uji ulikula sehemu ya muda wa kufundisha. Katika utafiti mwingine huko Embu, kati ya 1998 na 2000, watoto waliotiliwa nyama katika githeri waliwashinda wenzao kwenye jaribio la kufikiri, wakiwemo waliopewa maziwa.

Nyama ni ghali Uvira, lakini ndagala huuzwa kwa vipimo vidogo na hahitaji jokofu akishakauka. Ng'ambo ya Ruzizi, eneo la Cibitoke, Burundi, zipo shule zenye kantini za PAM, na shirika hilo hununua sehemu ya chakula kutoka ushirika wa wakulima wa nchi hiyo. Bonde upande wa Kongo hulima mpunga, mahindi na muhogo uleule. Kinachokosekana ni mnunuzi wa kudumu anayelipa kwa wakati, mama wapishi wenye ujira, na mwalimu asiyelazimika kuacha ubao ili kushika upawa.