Ngoma ya Lualaba na woga wa sinema

Jaribu kuangalia filimu ya kutisha bila sauti: woga mwingi unakwisha palepale. Katika Jaws ya mwaka 1975, papa haonekani muda mrefu. Noti mbili za John Williams njo zinamleta. Masikio yanaogopa mbele ya macho.

Lakini kuna sauti moja ambayo sinema ilipenda sana kutumia: ngoma. Katika King Kong ya 1933, yenye muziki wa Max Steiner, ngoma zinalia kisiwani na mtazamaji anajua hatari iko karibu. Juu ya nini ngoma?

Turudi Nyangwe, hapa teritwari ya Kasongo. Tarehe 5 Novemba 1876, Stanley alitoka pale pamoja na Tippu Tip na watu wenye bunduki, wakifuata Lualaba. Katika kitabu chake cha 1878, ngoma na pembe za kando ya mto ni alama ya vita. Wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani walizipokea hivyo: kelele ya porini, haina maneno.

Kumbe ngoma ya mti ilikuwa inasema. Gogo linachimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba. Upande mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini, sawa vile Kilega na Kikusu vinavyopanda na kushuka. Na kwa kuwa maneno mengi yanafanana kwa sauti, mpigaji anataja jina pamoja na sifa zake ndefu, lisichanganywe. John Carrington, misionere Mwingereza wa Yakusu karibu na Kisangani, aliyaeleza hayo kitabuni mwaka 1949.

Tena watu wa mto walikuwa na sababu ya kuonyana. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki katika soko la Nyangwe, Livingstone akiona kwa macho. Mamia walikufa, wengi wao wanawake.

Basi mpigaji ngoma naye alikuwa anaogopa, na woga wake ulikuwa na haki. Ila aliyeandika ni mgeni, na sinema ikafuata aliyeandika.

Kasongo na Kabambare, wengine wetu tuko na simu. Ukikuta mzee anayejua bado kusema kwa ngoma, mrekodi, lakini muulize na maana. Sauti bila maana njo inabaki kutisha tu. Kwenu kijijini, nani bado anajua?