Kasri la Mfalme na Kaburi la Askofu



Wapendwa katika Kristo, katika mji wa Kraków, kusini mwa Poland, kando ya mto Vistula, kipo kilima kiitwacho Wawel. Juu yake yamesimama majengo mawili bega kwa bega: kasri la wafalme na kanisa kuu. Juma hili tuyatazame, maana yana fundisho kwa kila mwenye mamlaka.

Mwaka 1079 mfalme Bolesław wa Pili aliamuru Stanislaus, Askofu wa Kraków, auawe. Mapokeo ya Kanisa yasema kwamba askofu alimkemea mfalme kwa ukatili wake. Mwandishi wa kale wa historia ya Poland alimwita askofu msaliti, lakini hata yeye hakumtetea mfalme. Mwaka uleule Bolesław alipoteza ufalme, akakimbilia Hungaria. Mwaka 1253 Papa Inosenti wa Nne alimtangaza Stanislaus kuwa mtakatifu.

Kanisa kuu tulionalo leo lilianza kujengwa mwaka 1320, likatabarukiwa mwaka 1364. Katikati yake, chini ya kuba la dhahabu, limo jeneza la madini ya fedha lililobebwa na malaika wanne. Humo yamo masalia ya askofu yule. Wafalme walitawazwa katika kanisa hilohilo, na wengi wao wamezikwa humo. Tena, katika mkesha wa kutawazwa kwake, mfalme mteule alikwenda Skałka, mahali panapoaminika kuwa ndipo askofu alipouawa, ili afanye toba kwa kosa la mtangulizi wake.

Humo pia amelazwa Mtakatifu Jadwiga, aliyetawazwa mwaka 1384 angali mtoto. Alipofariki mwaka 1399, aliacha vito vyake vitumike kukifufua chuo kikuu cha Kraków. Kaburini mwake ilikutwa fimbo ya kifalme iliyotengenezwa kwa mbao.

Na kasri je? Baada ya moto wa mwaka 1499, mafundi wa Kiitalia walilijenga upya, wakauzungushia ua wake varanda za matao, ghorofa juu ya ghorofa. Ni zuri mno, lakini limebadili mabwana. Wafalme walihamia Warsaw; jeshi la Austria likaligeuza kambi; na wakati wa vita, hadi mwaka 1945, aliishi humo Hans Frank, gavana wa Wanazi. Wote wamepita. Tarehe 2 Novemba 1946, katika kikanisa kilicho chini ya kanisa kuu, padre kijana aliyepewa daraja siku moja kabla aliadhimisha Misa zake za kwanza. Jina lake Karol Wojtyła, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo wa Pili.

Ndugu zangu, nasi tunayo mamlaka: nyumbani, kazini, katika jumuiya zetu. Anapotokea mtu wa kutukosoa, tunamnyamazisha, au tunakwenda Skałka?

Mungu awabariki.