Gharama ya Kazi Hulipwa na Nani? Historia Fupi ya Kima cha Chini cha Mshahara Tanzania

Kila Mei Mosi inapokaribia, hoja mbili hukabiliana nchini mwetu. Wafanyakazi husema mshahara hautoshi. Waajiri, na baadhi ya wachumi, hujibu kwamba kuupandisha kwa amri ya serikali huongeza gharama za uzalishaji na hatimaye hupunguza ajira. Hoja hii ya pili si ya kubezwa, kwa kuwa ina ushahidi katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1963 Tanganyika ilipandisha kima cha chini kwa kiwango kikubwa, na maelfu ya watu wakapoteza kazi.

Hata hivyo, wanaoutaja mwaka huo mara nyingi huanzia katikati ya hadithi na kuondoka kabla haijaisha. Hawaelezi ujira wa kabla ya 1963 uliwezekanaje kuwa mdogo kiasi kile, wala hawaelezi kilichoupata ujira mpya miaka ishirini baadaye. Makala haya yanajaribu kuisimulia hadithi hiyo kwa ukamilifu zaidi. Ninachodai ni kwamba ujira mdogo hauiondoi gharama ya kazi. Huihamisha tu, ikabebwa na mtu asiyeonekana katika vitabu vya hesabu vya mwajiri.

Manamba na ujira wa mseja

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyonusurika ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyotanda Tanga, Muheza, Korogwe na kando ya reli ya kati, na kuifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Lakini zao hili lilihitaji mikono mingi, na wenyeji wa maeneo ya mashamba, waliokuwa na ardhi na mazao yao, hawakuwa tayari kuuza nguvu zao kwa bei iliyotakiwa.

Ndipo watu wakatafutwa mbali: Kigoma, Ubena, Ruanda-Urundi, na ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha pamoja cha kuwaandikisha na kuwasafirisha, kilichojulikana kwa kifupi kama SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kutokana na namba hizo lugha yetu ikapata neno manamba. Mtu aliacha jina lake kijijini akaenda kuitwa kwa tarakimu.

Kazi ilipimwa kwa kipande. Kadi ilikuwa na siku 30 za kazi, na ujira ulilipwa kadi ilipojaa. Aliyeugua au kushindwa kumaliza sehemu yake ya siku hakuhesabiwa siku hiyo, na malipo yake yalisogea mbele. Pamoja na ujira kulikuwa na posho ya chakula na nafasi katika kambi.

Kiwango cha ujira huo kilikadiriwa kwa mtu mmoja, mwanamume asiye na familia. Ilidhaniwa kwamba mkewe na watoto walikuwa kijijini wakilima chakula chao wenyewe, na kwamba yeye mwenyewe akizeeka au akivunjika mguu angerudi huko huko kutunzwa. Hapo ndipo ilipokuwa siri ya unafuu wa mkonge wa Tanganyika. Mwanamke wa Buha aliyelima mihogo na kulea watoto peke yake kwa miaka miwili alikuwa akilipa sehemu ya gharama ya kila tani iliyopakiwa bandarini Tanga. Hakuna karani aliyeandika mchango wake, lakini bila yeye hesabu za shamba zisingekaa sawa.

Wakoloni wenyewe walilitambua jambo hili. Baada ya migomo ya makuli na wafanyakazi wengine, Mombasa mwaka 1939 na 1947, na Dar es Salaam katika miaka hiyo hiyo, ilidhihirika kwamba mjini hakuna shamba la kumfidia mtu. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter nchini Kenya ilipendekeza kuachana na ujira wa mseja na kuelekea ujira unaoweza kutunza familia. Kwetu Tanganyika, kima cha chini cha kisheria kilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 1957. Mashambani bado hali ilikuwa ile ile.

Amri ya 1963

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, liliundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake. Vuguvugu lake lilikwenda sambamba na lile la TANU, na uhuru ulipopatikana wafanyakazi walikuwa na madai mkononi. Serikali iliunda bodi ya mishahara chini ya Donald Chesworth kutoka Uingereza. Bodi ilitoa taarifa mwaka 1962, na kuanzia Januari 1, 1963 viwango vipya vikawa sheria: shilingi 150 kwa mwezi Dar es Salaam na Tanga, shilingi 125 katika miji mingine, na shilingi 100 kwingineko.

Matokeo yalionekana upesi. Ajira za mshahara nchini, zilizokuwa takriban 400,000 mwaka 1962, zilishuka hadi takriban 340,000 mwaka uliofuata. Pigo kubwa lilikuwa kwenye mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mashamba hayo yaliajiri zaidi ya watu 100,000. Mwishoni mwa muongo idadi hiyo ilikuwa chini ya nusu.

Hapa ndipo wapinzani wa kima cha chini huishia. Lakini tusome na takwimu ya pili. Mwaka 1961 nchi ilizalisha takriban tani 200,000 za mkonge. Mwaka 1964, baada ya maelfu kupunguzwa, ilizalisha takriban tani 230,000, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Watu wachache walizalisha zaidi. Mwenye shamba aliyekuwa akipata mikono kwa bei ya chini hakuwa na sababu ya kuipanga kazi vizuri. Ujira ulipopanda, alilazimika kufanya hivyo. Sehemu ya kazi ya siku iliongezwa, vibarua wa muda wakaachwa, na waliobaki wakawa wafanyakazi wa kudumu wanaoishi na familia zao. Uandikishaji wa manamba ukafifia ndani ya miaka michache.

Anguko la baadaye lilikuwa na sababu nyingine kubwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge duniani iliporomoka, nyuzi za viwandani zikichukua nafasi ya kamba za katani. Ujira wa shilingi 100 haukuumba nailoni.

Nasema haya bila kuficha upande wa pili. Aliyeachishwa kazi mwaka 1963 hakufarijiwa na tija ya waliobaki. Alirudi kijijini, na kijiji kikampokea bila fidia ya maana. Ujira wa familia kwa baadhi ulimaanisha kukosa ujira kabisa kwa wengine, na serikali haikuwa na mpango wa kuwapokea. Amri ya mshahara isiyoandamana na mpango wa ajira huacha deni, na deni hilo pia lililipwa na kijiji.

Bei ya mapatano

Kuna jambo jingine la mwaka 1962 ambalo hutajwa kwa nadra zaidi. Serikali iliyopandisha kima cha chini ndiyo iliyopitisha pia sheria ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ambayo kwa vitendo iliufunga mlango wa mgomo. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Kawawa, yule yule aliyeliongoza TFL. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, TFL ilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na chama kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mdai na mdaiwa wakaketi katika kiti kimoja.

Hayo yalikuwa mapatano, japo hayakuandikwa hivyo popote. Dola ilimpa mfanyakazi ujira bora na ulinzi wa ajira. Mfanyakazi aliikabidhi dola sauti yake.

Dola ilikuwa na hoja nzito. Azimio la Arusha la 1967 lilionya kwamba watu wa mjini wanaweza kuwa wanyonyaji wa wakulima, kwa maana miradi ya mjini hulipiwa kwa jasho la shambani. Mwaka huo huo taarifa ya Profesa Turner wa Shirika la Kazi Duniani ilisema mishahara imekuwa ikipanda kwa kasi isiyolingana na uwezo wa uchumi, na serikali ikaweka ukomo wa ongezeko la asilimia 5 kwa mwaka. Mtu aliyeamini usawa angeweza kuukubali ukomo huo kwa dhamiri safi.

Lakini ukomo wa mshahara humfaa mfanyakazi pale tu bei nazo zinapotulia, na bei hazikutulia. Baada ya ukame na mafuta kupanda bei mwaka 1973 na 1974, kima cha chini cha mjini kiliongezwa kutoka shilingi 240 hadi 340. Kilifika 480 mwaka 1980, 600 mwaka 1981 na 810 mwaka 1984. Kwenye karatasi kilikuwa kikipanda. Sokoni kilikuwa kikiyeyuka. Kati ya 1974 na 1988 thamani halisi ya mishahara ilishuka kwa takriban asilimia 83, kwa mujibu wa utafiti wa Aili Mari Tripp kuhusu uchumi wa mtaani wa Dar es Salaam.

Hakuna sheria iliyofutwa wala kiwango kilichopunguzwa. Mfumuko wa bei ulifanya kimyakimya kazi ambayo hakuna waziri angethubutu kuitangaza, na mfanyakazi aliyekwisha kukabidhi sauti yake hakuwa na chombo cha kumjibia.

Watu waliishije basi? Waliishi kwa maandazi, vitumbua, kuku wa kufuga uani, cherehani barazani na bustani pembezoni mwa jiji. Wengi wa waliofanya shughuli hizi walikuwa wanawake. Mume alikwenda ofisini au kiwandani, na biashara ndogo ya mke ndiyo iliyomwezesha kuendelea kwenda. Ujira wa mseja ulikuwa umerudi, safari hii mjini, na mke aliyelima mihogo Buha amegeuka kuwa mke anayekaanga maandazi Manzese. Mwaka 1983 sheria ya nguvu kazi ikaanza kuwasaka mjini watu walioonekana kutokuwa na kazi rasmi, ilhali kazi hizo zisizo rasmi ndizo zilizokuwa zikiibeba kazi rasmi.

Tulipo leo

Tangu sheria za kazi za 2004, viwango vya sekta binafsi hupangwa na bodi za mishahara za kisekta. Huu ni mfumo bora kuliko ule wa kiwango kimoja, lakini una ugonjwa wa zamani. Amri ya 2013 ilimwekea mfanyakazi wa kilimo shilingi 100,000 kwa mwezi. Amri iliyofuata ilianza Januari 2023, ikaweka 140,000. Kati ya hizo mbili ilipita miaka tisa na nusu ambayo bei hazikusimama hata siku moja. Amri ya sasa, iliyoanza Januari 2026, imeongeza viwango vya sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4. Ni hatua ya kupongezwa, mradi isisubiri tena karibu muongo mzima kupata mwenzake.

Na sisi tusomao makala kama haya tu waajiri pia. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 300,000 hadi 370,000 mwaka 2022, kisha hadi 500,000 Julai 2025. Mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri aliwekewa 40,000 mwaka 2013 na 60,000 mwaka 2023. Tunasema analala na kula kwetu, kama vile mwenye shamba alivyosema manamba ana kambi na posho. Binti huyo akiugua, akipata ujauzito au akichoka, hurudishwa kwao, na wazazi wake hukamilisha malipo tuliyoyaacha nusu.

Historia hii haisemi kwamba mshahara wowote unawezekana kwa amri. Mwaka 1963 ulikwisha kutufundisha kwamba ongezeko linahitaji mpango wa kuwapokea watakaoachwa nje. Inatutaka kwanza tuwe wakweli katika hesabu. Kwa hiyo mapitio ya viwango yawe na tarehe iliyofungwa kisheria na yafuate mwenendo wa bei, badala ya kusubiri msimu wa siasa. Kipimo chake kiwe mahitaji ya kaya. Vyama vya wafanyakazi navyo viwe na uhuru wa kweli wa kukilinda kilichotolewa, kwa kuwa ujira usio na mlinzi tuliuona ukiyeyuka.

Na mwajiri atakaposema hawezi kulipa zaidi, ana haki ya kusikilizwa. Tukishamsikiliza, tumuulize tofauti hiyo kwa sasa inalipwa na nani.