Jua, ng'ombe na hesabu ya maziwa: historia yetu kati ya Masisi na Gishwati

Leo tunaongea maziwa. Tumezoea kusema wazee wetu walihamahama kwa sababu ya vita. Ni kweli, ila kuna kitu kilitangulia vita: jua.

Mwaka 1928 mvua zilikosekana Rwanda. Njaa iliyofuata iliitwa Rwakayihura, na watu wengi wakakimbilia Uganda na Kongo. Mwaka 1937 Wabelgiji wakaanzisha mpango wa kuhamishia familia za Wanyarwanda upande wa Masisi, ukaendelea hadi 1955. Walitaka kupunguza msongamano na njaa huku, na kupata wafanyakazi wa mashamba ya Kivu kule. Masisi ni milima, baridi na mvua. Miaka ilivyopita, sehemu kubwa ya misitu yake iligeuzwa malisho, na jibini ya Masisi inauzwa Goma mpaka leo.

Kwa nini maziwa yanapenda baridi? Ng'ombe wa kizungu, kama Friesian, anaanza kusumbuka joto likipita nyuzi 25 hivi. Anahema, anakula kidogo, na asipokula maziwa yanapungua. Maziwa yenyewe karibu asilimia 87 ni maji, kwa hiyo ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa hata lita 100 kwa siku ya joto. Inyambo na ng'ombe wengine wa kienyeji wanavumilia zaidi, lakini wanatoa lita chache.

Sasa tufanye hesabu, mfano tu. Ng'ombe anatoa lita 12, unauza faranga 400 lita moja: unapata 4,800. Ukame ukija anashuka hadi lita 8. Bei inapanda hadi 500, watu mjini wanasema wafugaji wanakula pesa. Kumbe unapata 4,000, na hapo bado hujanunua majani wala kulipa mtu wa kuchota maji. Ukishindwa, unauza ng'ombe. Lakini jirani naye anauza, na wa kijiji kingine pia. Maziwa yanakuwa ghali wakati ng'ombe mwenyewe anakuwa rahisi. Mvua ikirudi unataka kununua tena, na bei imeshapanda. Hivyo ndivyo familia inafilisika bila risasi hata moja.

Vita vya Masisi, kuanzia 1993, vilimaliza ng'ombe wengi. Waliobaki, wengi walivushwa Rwanda katikati ya miaka ya 1990, wakapandishwa Gishwati, hapo juu ya Gisenyi. Ilikuwa akili: baridi ileile, majani yaleyale. Ila Gishwati nayo ilikuwa msitu. Miradi ya malisho ya miaka ya 1980 ilishaukata sana, halafu watu waliorudi wakahitaji pa kuishi. Kutoka hekta kama 28,000, mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki karibu 600. Mlima usio na miti haushiki maji: mvua ikinyesha yanashuka yote kwa mara moja, jua likiwaka chemchemi zinapungua. Kwa hiyo kukimbilia milimani kuna mwisho wake.

Kwa nini tunawaandikia haya? Mwaka 2021 kambi ya Gihembe ilifungwa, na wenzetu wenye asili ya Masisi wakahamishiwa Mahama, wilaya ya Kirehe. Wametoka kwenye baridi wakaenda mashariki, kwenye joto, na Kirehe ilikuwa kati ya wilaya zilizopigwa na ukame wa 2016. Ujuzi wa ng'ombe wanao, lakini ni ujuzi wa mlimani.

Basi mradi wa ng'ombe ukiletwa, tusiulize kwanza atatoa lita ngapi. Tuulize maji yatatoka wapi mwezi wa nane, majani makavu yatawekwa wapi, na nani atanunua maziwa mvua ikizidi na bei ikianguka. Ng'ombe chotara anayetoa lita 7 kila siku anaweza kukufaa kuliko wa lita 15 anayekufa kwenye jua.

Nyinyi wa mashirika, waulizeni wazee kabla ya kuandika mradi. Na wewe kijana, muulize babu au bibi: mwaka gani waliuza ng'ombe, na waliuza bei gani? Tuandikieni hapa chini.