WOMAD: Tamasha Lililowapandisha Jukwaani Wenye Ngoma Zao

Julai 1982, katika uwanja wa maonyesho ya kilimo karibu na Shepton Mallet, kusini-magharibi mwa Uingereza, wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani pamoja na Echo and the Bunnymen, bendi ya vijana wa Liverpool. Uwanja wenyewe ulikuwa wa aina ya Nzuguni, Dodoma, wakati wa Nane Nane: mahali pa kushindanisha mifugo, si pa kupiga muziki. Mashabiki waliokuja kwa ajili ya Bunnymen wakajikuta wakitazama ngoma ambazo kwa vizazi zilipigwa kwa heshima ya mwami, yaani mfalme. Wimbo waliopiga pamoja ulirekodiwa, na mwaka uliofuata ukatoka kwenye santuri ya bendi hiyo.

Mdundo huo haukuwa mgeni kabisa masikioni mwa Waingereza. Rekodi za ngoma za Burundi zilikuwa zimetolewa Ufaransa katika miaka ya 1960. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizitumia katika wimbo wake "The Jungle Line", na mwaka 1980 Adam and the Ants walijipatia umaarufu kwa mdundo wa namna hiyohiyo. Watu walikuwa wameshaucheza bila kuwaona wenyewe. Tofauti ya tamasha hili jipya, WOMAD, lililoanzishwa na Peter Gabriel, mwimbaji wa zamani wa Genesis, pamoja na Thomas Brooman na vijana wenzake wa Bristol, ilikuwa kwamba Warundi walikuja wao, na ngoma zao.

Orodha ya mwaka huo ilichanganya kwa makusudi. Simple Minds walikuwapo, na The Chieftains wa Ireland, na Prince Nico Mbarga wa Nigeria, aliyetikisa Afrika nzima kwa "Sweet Mother". Hesabu ilikuwa nyepesi: jina kubwa liuze tiketi, lisilojulikana lipate wasikilizaji. Lakini tiketi hazikuuzika vya kutosha, na mgomo wa madereva wa treni ukazidi kuharibu mambo. Waandaaji wakabaki na madeni makubwa. Kilichowaokoa ni Genesis, waliokubali kuungana tena na Gabriel kwa onyesho moja la kuchangisha fedha huko Milton Keynes, tarehe 2 Oktoba 1982.

Miaka mitatu baadaye, WOMAD ilipofanyika katika kisiwa cha Mersea, Essex, alipanda jukwaani Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Kawali yake, uimbaji wa kidini wa Kisufi, ilikuwa imezoeleka kwa Wapakistani waishio Uingereza. Wengi wa waliokaa mbele yake usiku ule hawakuwa hao, na hawakuelewa neno hata moja. Alipomaliza, alikuwa na wafuasi wapya wa kumfuata hadi kifo chake mwaka 1997. Gabriel alipoanzisha lebo ya Real World mwaka 1989, yenye studio katika kijiji cha Box, Wiltshire, Nusrat alikuwa miongoni mwa nguzo zake. Tangu hapo msanii aliyekuja kupiga kiangazi aliweza kurudi nyumbani akiwa na albamu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Remmy Ongala. Mzaliwa wa Kindu, Kongo, alikuwa ameshakuwa wa Dar es Salaam kiasi cha kituo cha daladala Sinza kuitwa kwa jina lake. Bendi yake, Super Matimila, ilibeba jina la tajiri mwenye vyombo, kama ilivyokuwa desturi ya bendi nyingi za dansi: mwanamuziki alikuwa na kipaji, gitaa lilikuwa la mtu mwingine. Kanda yake iliyopelekwa Uingereza na rafiki ikawafikia watu wa WOMAD, nao wakamwalika katika ziara ya mwaka 1988. "Songs for the Poor Man" ikatoka mwaka 1989, na "Mambo" mwaka 1992. Katika hiyo ya pili Remmy anaimba pia kwa Kiingereza, ili mlalahoi wake aeleweke na watu wasiojua Sinza iko wapi.

Tamasha lilihamia Reading mwaka 1990, kisha Charlton Park, Wiltshire, mwaka 2007. Wasikilizaji wakaongezeka, lakini njia ya kuwafikia ikawa nyembamba. Mwaka 2018 waandaaji walilalamika hadharani kwamba taratibu za viza zinawakatisha wasanii tamaa. Miongoni mwa waliokosekana jukwaani mwaka huo alikuwa Wazimbo wa Msumbiji. Baada ya tamasha la 2024, WOMAD Uingereza ikatangaza kupumzika mwaka 2025.

Kwa Tanzania, uhusiano na jukwaa hilo unaonekana wazi zaidi katika ukoo mmoja wa Kigogo. Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba (marimba ya mkono) na zeze aliyefanya kazi Bagamoyo, alitoa "Chibite" kwa Real World mwaka 1996, kisha "Assembly" pamoja na Michael Brook, mtayarishaji yuleyule aliyefanya kazi na Nusrat. Mwaka 2002, yeye na mpwa wake Charles walifungua maonyesho ya Gabriel huko Marekani. Hukwe alifariki Desemba 2003. Mwaka 2024 lebo hiyohiyo ilitoa "Maisha" ya The Zawose Queens, yaani Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake. Wanawake wa Kigogo wanasifika kwa ngoma ya muheme. Zeze na ilimba vilihesabiwa kuwa vya wanaume, na mwanamke alibaki kuitikia na kucheza. Pendo na Leah wanavipiga wenyewe, na jina kwenye jalada ni lao.