Sisibo na Daftari Lisilofutika

Mji wa Eldoret ulipewa jina lake mwaka 1912. Kabla ya hapo, tangu posta ilipofunguliwa mwaka 1910 katika shamba lililoandikwa kwa nambari 64, mahali hapo palijulikana kwa tarakimu hiyo, na wenyeji, waliposikia ikitamkwa kwa Kiingereza, wakaifinyanga katika ndimi zao ikawa Sisibo. Serikali ilibadili jina, walakini haikuweza kulifuta la kwanza: wazee walilihifadhi, wakawasimulia watoto lilikotoka, hata ikawa ajuaye majina yote mawili anaujua mji kuliko ajuaye moja. Naanza na habari hii kwa kuwa katika mji huohuo ilikuja kukaa kazi ambayo asili yake ni kubadili bila ya kufuta, na kuweka kando ya kila badiliko jina la aliyelifanya, tarehe na sababu.

Desturi hiyo si ngeni kwetu. Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, aliyenakili tenzi nyingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alikuwa mmoja wa wanakili wa pwani ambao aghalabu walimaliza hati kwa kutaja jina na tarehe, ili msomaji ajue imetoka mkononi mwa nani. Nao wanazuoni wa hadithi za Mtume walikuwa na isnadi, mnyororo wa majina ya waliopokezana, na mnyororo uliokatika uliidhoofisha hadithi hata maneno yake yakiwa mazuri namna gani. Waandishi wa programu za kompyuta walilifikia hitaji lilo hilo kwa njia yao: mwaka 1972, katika maabara za Bell huko Marekani, Marc Rochkind alitunga SCCS, chombo cha kuweka kumbukumbu ya kila badiliko la faili; mwaka 1986 Dick Grune wa Uholanzi akaleta CVS; na mwaka 2005 Linus Torvalds wa Ufini akaanzisha Git, ambayo leo imeenea duniani kote.

Eldoret iliyafikia mambo haya kwa njia ya maradhi. Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana katika elimu ya utabibu, na mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot kilicho kusini mwa mji, vitabu vya karatasi ambamo habari za mgonjwa mmoja zilitawanyika huku na huku vikapata msaidizi wa kompyuta. Wachunguzi waliokaa na saa mkononi waliandika mwaka 2003 kwamba muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Mwaka uleule wa 2001 ulianza mpango wa AMPATH wa kuwatibu wenye virusi vya Ukimwi, na wagonjwa wakaongezeka hata mfumo mdogo wa Mosoriot ukaelemewa. Ndipo mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, pamoja na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, walipoanza kujenga OpenMRS, programu ambayo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu, na ambayo ilianza kutumika Eldoret mwezi wa Februari 2006.

Hapo tabibu alijaza fomu ya karatasi, na karani akaiingiza katika kompyuta. Tuseme karani ameandika uzito wa mtoto kilo 51 mahali pa kilo 15. Kosa ni jepesi la kalamu, lakini madhara yake ni mazito, kwa sababu dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Anaposahihisha, zile 51 haziondoki: hubatilishwa, na kando yake huwekwa nani amebatilisha, siku gani na kwa sababu gani, kisha andiko jipya la 15 huelekeza kidole kwa lile lililotangulia. Huenda mtu akaona huko ni kujaza ghala kwa takataka; lakini yeyote atakayeuliza kesho kwa nini dawa ile iliandikwa hana budi kujua tabibu alisoma nini siku ile, wala si nini alipaswa kusoma.

Sheria hiyohiyo iliwabana waandishi wa programu yenyewe. Mwanzo walitumia Subversion, ambamo historia yote hukaa katika ghala moja la mbali. Baadaye wakahamia Git, ambamo kila mwandishi hubeba historia nzima katika kompyuta yake, na kwa hiyo aliye mahali ambapo intaneti hukatika huendelea na kazi bila ya kungoja. Katika Git kila badiliko lina jina la herufi na tarakimu 40, litokanalo na maandishi yenyewe pamoja na jina la badiliko lililotangulia, hata ukigeuza nukta moja ya zamani, majina yote ya baadaye hugeuka nayo, na hiyana ikadhihirika. Hiyo ni isnadi isiyoweza kughushiwa kwa wepesi.

Lakini isnadi peke yake haitoshi, kwa maana mtu mwaminifu naye hukosea. Kwa hiyo pamoja na programu waliandika majaribio: programu ndogo zinazomuumba mgonjwa wa kubuni, zikampa kipimo, zikakisahihisha, kisha zikatazama kama kile cha kwanza kingali kipo, kimebatilishwa ipasavyo. Na kosa likipenya, Git huikata historia katikati, jaribio likafanywa, nusu isiyo na kosa ikawekwa kando, na nusu iliyobaki ikakatwa tena. Katika mabadiliko 1,000, majaribio kama 10 tu hulifichua lenye lawama.

Hivyo zile kilo 51 zingaliko, chini ya jina la karani na tarehe yake. Hakuna dawa ipimwayo kwazo, kama vile hakuna tena aandikaye Sisibo juu ya bahasha; lakini aulizaye atajibiwa.