Intaneti katika maktaba za jamii, Juba

Intaneti katika maktaba za jamii ni huduma inayounganisha chumba cha kusomea, ambacho mara nyingi huendeshwa na wakazi wenyewe, na mtandao wa kompyuta wa dunia, ili msomaji asiyemudu simu ya kisasa wala bando apate vitabu na maarifa ya afya na kilimo bila gharama kubwa. Katika Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini ulio kando ya Nile Nyeupe, na katika payamu za jirani (payamu ni ngazi ya utawala iliyo chini ya kaunti na juu ya boma), huduma hii hutegemea njia ya mawasiliano, umeme na lugha.

Nchi hii haina pwani, hivyo nyaya za baharini zilizofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 hazikuifikia, na kwa miaka mingi tegemeo likabaki setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwa kuwa ombi la msomaji hupanda na kushuka umbali huo, na jibu nalo vivyo hivyo, kila anapobofya hungoja takriban nusu sekunde kabla ukurasa haujaanza kufunguka. Mwaka 2020 mkongo wa kwanza wa faiba kutoka nje, uliojengwa na Liquid Telecom, ulizinduliwa Juba ukitokea mpaka wa Uganda. Lakini mkongo hunufaisha kwanza mji unakoishia, na vijijini bado hutazamiwa mnara wa simu au dishi.

Umeme ni kikwazo kigumu zaidi. Juba kwenyewe kulizinduliwa mtambo wa megawati 33 mwaka 2019, ilhali nje ya mji maktaba huishi kwa sola, na paneli isiyofutwa vumbi wakati wa kiangazi huzalisha kidogo hata jua likiwa kali. Kwa sababu hiyo njia ya busara ni kuhifadhi maarifa papo hapo: programu ya Kiwix huweka Wikipedia nzima ya Kiingereza katika takriban gigabaiti 100, na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki na inayotumia wati chache tu, huigawa kwa simu zilizomo chumbani bila kugusa intaneti. Mtandao wenyewe, ambao ndio ghali, hubakizwa kwa barua pepe na kwa kuhuisha hazina hiyo.

Lugha haipewi uzito unaostahili. Takwimu zilizotolewa karibu na uhuru wa 2011 zilionyesha kuwa watu wazima waliojua kusoma walikuwa takriban asilimia 27, na Kiingereza, lugha rasmi, si lugha ya nyumbani kwa walio wengi, ambao mjini huelewana kwa Kiarabu cha Juba. Hoja ya kutumia lugha za wenyeji ni ya zamani: mkutano wa lugha uliofanyika Rejaf, kusini kidogo ya Juba, mwaka 1928 ulikubali Kibari, Kidinka, Kinuer na Kizande miongoni mwa lugha za kufundishia shuleni. Kwa mfano, huko Nakaseke, nchini Uganda, ambako mashirika ya UNESCO, ITU (la mawasiliano ya simu) na IDRC (la utafiti wa maendeleo) yalisaidia kuanzisha mwaka 1999 kituo kilichounganisha maktaba, simu na kompyuta chini ya paa moja, wanawake wasiojua kusoma walitengenezewa sidii iliyowasimulia kwa Kiganda mbinu za kujipatia kipato, wakasikiliza na kubofya picha. Rekodi za namna hiyo kwa Kibari au Kidinka zingefaa Mangalla na Terekeka, kaskazini mwa Juba, kuliko kurasa elfu za Kiingereza.

Anayebeba yote hayo ni mkutubi, kwani ndiye anayefuta paneli asubuhi, anayepima betri na kumwelekeza mzee anayeshika kipanya kwa mara ya kwanza. Wafadhili wanaogharimia dishi wanapaswa kutenga na mshahara wake tangu siku ya kwanza.